Mgeni Rasmi Anachanja Mbwa

Marta alimshukuru Mungu mapema mno, tena kwa kipaza sauti.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, huko mlimani juu ya Kikatiti, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka watoto wamekalishwa kwenye ngazi za madhabahu. Zamu ya shukrani ilipofika, Marta alisimama na jogoo mwekundu kwapani, akatembea kwenda mbele polepole kama bibi harusi asiyetaka safari iishe. Mwinjilisti Philemoni akamsogezea kipaza sauti. Jogoo akawahi kusema kabla yake, watu wakacheka. Marta akangoja wamalize, maana jambo alilokuwa nalo si la kusemwa juu ya kicheko.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa mwanangu Brayson. Serikali imemwona. Ameajiriwa, ajira ya kudumu!"

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye bati. Kwenye benchi la tatu, Rachel, mama yake Nelson, alipiga makofi kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima moto wa pasi. Rachel ndiye aliyekuwa mama pekee kitongojini mwenye mtoto serikalini. Nelson alikuwa wa kudumu, huko mikoa ya kusini, na kweli alikuwa amedumu huko: tangu aajiriwe hakuna aliyemwona nyumbani.

Upande wa wanaume, Brayson mwenyewe aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kitabu cha nyimbo. Watu wakadhani anaomba.

Ukweli ni kwamba Brayson alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo, na kwa miaka minne alikuwa akituma maombi ya kazi. Mwaka huu aliitwa kwenye usaili, akafaulu. Ila waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo jina lake likawekwa kanzidata: limehifadhiwa, nafasi ikitokea ataitwa. Alimweleza mama yake jikoni, akarudia tena kwa mifano. Marta alisikia "nimefaulu," na yale mengine akayatoa kama mawe ya mchele.

"Ukishafaulu umepata," alimwambia. "Kilichobaki ni barua tu. Hii inaitwa shukrani ya imani."

Baada ya ibada jogoo alipigwa mnada nje ya kanisa, pamoja na mikungu ya ndizi na maparachichi, na kila aliyepandisha bei alitaka na habari juu yake.

"Kijana amepangiwa wapi, Mama Brayson?"

"Bado yuko kanzidata."

"Ndiyo mkoa gani huo?"

Marta hakujua vizuri, na hakutaka kuonekana mshamba siku yake mwenyewe. "Huko huko katikati," alisema. "Kuna baridi kidogo."

*

Cheo kilianza kula kabla mshahara haujaingia.

Wa kwanza kufika alikuwa Thomasi, mdogo wa Ephraimu mume wa Marta, yaani baba mdogo wa Brayson. Alikuwa anatafuta mkopo wa pikipiki, na benki walimwambia alete mdhamini ambaye ni mtumishi wa serikali. "Ni saini tu, mwanangu," alimwambia Brayson. "Saini haina uzito wowote." Brayson akasema angoje kwanza barua itoke. Thomasi akasema sawa, atapita kesho. Akapita kesho, na keshokutwa, na kila alipopita alikunywa chai.

Wazee wa kanisa nao wakakaa wakaona si vizuri mtumishi wa serikali atoe ahadi ya ujenzi sawa na mchuma kahawa. Wakaipandisha. Halafu kwaya ya vijana, iliyokuwa inazindua kinanda kipya, ikamchagua kuwa mgeni rasmi.

Mgeni rasmi haendi mikono mitupu. Marta alishuka sokoni Kikatiti na maharage aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu, akauza, akatia hela kwenye bahasha nzuri yenye maua pembeni. Siku yenyewe Brayson alikalishwa kwenye kiti kilichovikwa kitambaa cheupe, akavishwa shada la plastiki shingoni, akawekewa maji ya chupa ambayo hakuna mwingine aliyewekewa.

"Sisi wengine tunalipwa na Mungu," mshereheshaji alitangaza, "lakini mheshimiwa analipwa na Mungu na Hazina! Mheshimiwa, karibu uwapungie wananchi!"

Brayson akapunga. Akatoa bahasha. Kwaya ikamwimbia wimbo mzima, akiwa amesimama, jasho likimtiririka ndani ya koti la baba yake, na bahasha ile kwenye sinia ikinukia maharage.

Wakati wa kurudi alimwuliza mama yake, "Mama, mwezi wa tatu tutapanda nini?"

"Tutapanda imani," alijibu Marta. Lakini hakucheka, na Marta hakuwa mtu wa kupoteza mzaha wake mwenyewe.

*

Simu kutoka Terrat ilikuja Ijumaa.

Kulikuwa na mradi wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, huko pembezoni mwa jiji la Arusha. Walitaka mtaalamu mmoja, kwa mkataba wa miaka miwili, aanze wiki inayofuata. Msimamizi alikuwa mwanamke, Daktari Silantoi, na alisema maneno machache. Alitaka jibu kabla ya Jumapili jioni. Na alikuwa na sharti. Kijana aliyetangulia aliitwa serikalini kazi ikiwa katikati, akaondoka na kuacha foleni ya mbwa na wenye mbwa juani. Huyu atakayekuja aahidi kumaliza miaka yote miwili, hata aitwe na nani.

Kikao kilikaa jikoni. Ephraimu alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, na alikuwa mtu wa kuchambua maneno vilevile.

"Mbwa?" aliuliza Marta.

"Mbwa, mama."

"Hata ng'ombe hawana?"

"Ng'ombe wana mradi wao."

"Yaani nimebeba ndizi mgongoni miaka yote usome, halafu uende ukakumbatie mbwa wa watu Terrat?"

"Hatuwakumbatii. Mmoja anamshika hapa shingoni, mwingine anachoma sindano."

"Na mbwa akikataa?"

"Ndiyo maana kuna bima."

Ephraimu akainua kichwa. "Mshahara wao unatoka lini?"

"Kila mwisho wa mwezi, baba."

"Na wa kanzidata?"

Brayson akasukuma kuni motoni.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Ephraimu, akarudi kwenye kahawa yake.

Marta akajifunga khanga upya, na alipojifunga upya ilijulikana kwamba mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. "Mimi nimesimama madhabahuni nikasema kudumu. Watu wamesikia, jogoo amesikia. Nirudi niseme nini? Kwamba Mungu amebadilisha mawazo?"

"Mungu hakusema kitu, mama. Ulisema wewe."

Ephraimu akageukia ukutani kukohoa. Kilikuwa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Baba Brayson, kunywa maji," alisema Marta bila kumwangalia. "Haya. Ukienda huko, halafu serikali ikakuita?"

"Nitakuwa nimeshaahidi. Nafasi watampa mwingine."

"Kiti cha serikali! Umwachie mwingine! Ukae na mbwa!"

"Mama, nina miaka thelathini na moja. Vocha ya kumpigia huyo daktari nitaomba kwako. Sabuni naomba kwako. Nikienda kunyoa, kinyozi ananiuliza mama hajambo, kwa sababu anajua ndiye anayelipa."

Marta akafungua fundo la khanga, lile la kuwekea hela, akalifunga tena.

"Lakini sitaki kukuaibisha kanisani," Brayson akaendelea, sauti imeshuka. "Ukisema nisubiri, nitasubiri. Sema wewe."

"Basi subiri," alisema Marta haraka, kabla huruma haijafika.

Brayson akaitikia kwa kichwa, akatoka nje. Marta alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ya ndizi isiyoiva.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Mwinjilisti Philemoni. Alimkuta nyuma ya nyumba ya kanisa, suruali imekunjwa magotini, anapalilia kabichi.

"Mwinjilisti, nikuulize jambo la dini. Shukrani inaweza kurudishwa?"

Philemoni akasimamisha jembe. "Yule jogoo aliliwa, mama. Na mimi nilipewa paja."

"Simtaki jogoo. Nasema yale maneno."

Akamweleza yote: usaili, kanzidata, maharage, mbwa. Mwinjilisti alisikiliza huku akijaribu kuuweka uso wake kichungaji, na uso ukimponyoka.

"Kwa hiyo, mama, kijana hajaajiriwa."

"Ameajiriwa kwa imani."

"Hm." Akafuta jasho. "Mama Brayson, mimi unaniona ni wa kudumu au wa mkataba?"

"Wewe? Wewe ni wa Mungu."

"Kwa Mungu ni wa kudumu. Kwa wazee wa kanisa, kila mwisho wa mwaka wananitoa nje, wanafunga mlango, wananijadili. Nabaki au niondoke. Mimi nakaa pale kwenye ngazi nangoja waniite. Nimekalia zile ngazi tangu mtoto wangu mkubwa hajaota meno, na sasa ananyoa ndevu."

Marta alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mnara wa kanisa umekodishwa. Miaka yote alimsalimu mtu huyu kwa kuinama.

"Na ukikaa pale kwenye ngazi huogopi?"

"Naogopa sana."

"Sasa unafanyaje?"

"Mwanzoni niliacha hata kupanda mboga. Nilisema nitapandaje, na huenda nikaondoka? Mke wangu akaniuliza, wewe unakula barua?" Akainama, akakata kabichi moja kubwa, akampa. "Ndizo hizi. Kuhusu yale maneno, siwezi kukurudishia. Yalisemwa kwa kipaza sauti, yamefika mpaka kijiji cha Maji ya Chai."

Marta akarudi nyumbani na kabichi kichwani, na hasira isiyokuwa na mtu wa kumpelekea.

*

Jumapili mchana Thomasi alikuja amevaa viatu vya kung'aa. Safari hii karatasi za benki zilikuwa ndani ya faili, na alikuwa amebeba kalamu mbili, asije mtu akasema hakuna kalamu.

"Yuko wapi mtumishi wetu?"

"Alikuwa hapa sasa hivi," alisema Marta, na ndiyo kwanza mlango wa nyuma ulikuwa umebamizwa. Akamkaribisha shemeji yake kiti na chai, akatoka kumtafuta.

Alimwona kwenye kahawa. Brayson alikuwa amechuchumaa katikati ya mibuni ndani ya shati jeupe la kanisani, ameshika pindo za suruali zisiguse tope, shingo ameikunja. Mtu mzima mwenye ndevu, amejificha kwenye shamba la baba yake kama mwizi wa mkungu.

"Ameondoka?" alinong'ona.

Marta alisimama mbele yake. Alikuwa na maneno mengi ya kumgombeza, na yote yakageuka yakamtazama yeye. Nani aliyempeleka mtoto huyu kwenye kahawa?

Ndani ya nyumba, simu ya Brayson ikalia. Ilikuwa kwenye chaji jikoni. Marta akakimbia, akaichukua, akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Halo, Brayson?"

"Mimi mama yake," alisema Marta, na kwa woga akasahau mambo yote. "Shikamoo."

"Marah... Hapana, mama! Shikamoo wewe!"

"Marahaba, marahaba. Wewe ndiye daktari wa mbwa?"

"Ndiye mimi, Silantoi. Nilikuwa nangoja jibu lake. Kuna mwenzake anaitaka nafasi, na mimi kesho nahitaji mtu."

Marta akavuta kigoda, akakaa. "Nikuulize, daktari. Mbwa wakiisha?"

"Mbwa hawaishi, mama."

"Na huo mkataba?"

"Huo utaisha. Sitakudanganya. Miaka miwili, halafu tutaona kama mradi unaendelea."

Marta akatafakari. Kila mtu aliyempa habari nzuri maishani alimwambia haina mwisho. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia mwisho ulipo.

"Na mbwa akimuuma?"

"Tunamchanja yeye."

"Mchana anakula wapi?"

"Mama," alisema Daktari Silantoi, na ikasikika kwamba anajizuia kucheka, "anakuja au haji?"

Kupitia dirisha la jikoni, shati jeupe lilionekana kati ya majani ya kahawa. Lilikuwa limehamia mbuni wa pili, karibu na choo.

"Anakuja," alisema Marta. "Na miaka yenu miwili atamaliza, hata aitwe na nani. Nimesema mimi. Ila mpeni ovaroli kubwa, ana mabega."

Alipokata simu, Thomasi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Shemeji, nani anakwenda wapi?"

"Mwanao anakwenda Terrat kuchanja mbwa. Kwa mkataba."

"Mkataba?" Chai ikamwagika kwenye kiatu kimoja. "Shemeji! Benki hawachukui mdhamini wa mkataba!"

"Hawachukui?"

"Hata kidogo! Wanataka wa kudumu!"

"Hata ukiwabembeleza?"

"Hata ukipiga magoti!"

"Masikini wee," alisema Marta, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kodi imefutwa. Akampokea kikombe kabla hakijaombewa chai nyingine, akamsindikiza mpaka kwenye njia. Kisha akageukia shambani, akaita kwa nguvu zote, jirani wa juu na wa chini wasikie:

"Brayson! Toka huko! Huna faida tena kwa mtu yeyote!"

*

Jumatatu asubuhi Brayson aliondoka na begi, na Marta akaenda bombani na ndoo yake. Angeweza kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, maana aibu ukiichelewesha inazaa.

Rachel alikuwa wa mbele kwenye foleni. "Mama Brayson, nasikia ni mbwa."

"Ni mbwa."

"Si ulisema kudumu?"

"Niliwahi."

"Na kanzidata je?"

"Tumeondoka huko. Baridi imezidi."

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikagongana, na Rachel akacheka kuliko wote, na kicheko chake kilikuwa na meno. Marta alisimama pale akangoja ndoo ijae. Ilijaa polepole kuliko siku zote. Alipofika nyumbani alikaa kitandani, akalia kidogo, akapenga kamasi kwenye khanga, akaenda kumpa ng'ombe majani.

Wiki hiyo hiyo kwaya ilimtafuta mgeni rasmi mwingine wa kuzindua spika za kinanda. Wazee wa kanisa wakaishusha ahadi ya Brayson mpaka ilipokuwa mwanzo, na mzee aliyeleta habari alizungumza kwa huruma, kama mtu aliyekuja kwenye msiba. Marta alimshukuru sana.

Jumamosi jioni Brayson akarudi. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kwa Mrombo, akaja kulala nyumbani usiku mmoja. Mguu mmoja wa ovaroli ulikuwa umechanika kuanzia goti mpaka chini, na harufu yake iliingia ndani kabla yake.

"Ni nini hicho?" aliuliza Ephraimu.

"Mbwa wa mzee mmoja aitwaye Lerionka. Mimi nilimshika, na yeye akanishika."

"Nani alishinda?"

"Alichanjwa."

"Vizuri," alisema Ephraimu.

Marta alipakua loshoro, ya mahindi na ndizi na mtindi, kama yeye tu alivyojua kuipika. Brayson akala kichwa chini, mabega yakifanya kazi. Alisimulia kidogo tu, kati ya tonge na tonge: vumbi la Terrat, mama mmoja aliyeleta mbwa kumi na mbili na kudai wote ni mmoja, Daktari Silantoi anayepigia mbwa mluzi wakamfuata. Kisha akaisukuma sahani mbele.

"Mama, imebaki?"

Marta akasimama na upawa hewani. Miaka minne yote hakuwahi kulisikia neno hilo kwa mtoto huyu. Kila siku alikula sahani moja, akasema nimeshiba, akaiosha haraka na kutoka nje, na Marta alikuwa akiwaambia watu kwamba shule imempunguza tumbo.

"Imebaki," alisema.

Akapakua. Akaona haitoshi, akaongeza. Akainamisha sufuria, akakomba pembeni, akakomba chini, akapiga upawa kwenye sahani mpaka ukalia.

Ephraimu alikuwa amenyoosha sahani yake na yeye. Akachungulia sufuria, akaona bati.

"Na mimi je?"

"Wewe ni wa kudumu, Baba Brayson," alisema Marta. "Subiri."